Pembe Iliyochimbwa Kizingitini

Wajukuu zangu, nimechoka kulisema hili, lakini nitalisema tena. Mpunga ukishaingia ghalani hapa Kasansa, minong'ono huanza: waitwe lambalamba, wasaka wachawi, waje kusafisha kijiji. Kila kaya hudaiwa mchango. Wakifika huchimba kizingitini kwa mtu, na mmoja wao huinuka na pembe mkononi, imezibwa kwa nta nyeusi, ina shanga mbili tatu. Mwenye nyumba mara nyingi ni bibi mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Tangu saa hiyo haitwi tena kwa jina lake, huitwa mchawi.

Pembe hiyo mimi naijua. Utotoni mwangu ilikuwapo karibu kila nyumba. Babu alitilia ugoro, mama akahifadhia dawa ya tumbo la mtoto, na hakuna aliyeshtuka akiiona. Vikaja vichupa na makopo ya plastiki, pembe zikatoka majumbani, zikabaki kwa waganga peke yao. Ninyi hamjaiona ikifanya kazi nyingine yoyote, ndiyo maana mnaikimbia.

Miaka ya 1930 walitoka Nyasaland, Malawi ya leo, vijana wasaka wachawi walioitwa Mchape. Walivaa Kizungu, wakawapanga watu mstari na kuwatazama kwa kioo kidogo, wakidai mchawi huonekana humo. Pembe zikarundikwa njia panda. Kwa Wabemba, huko Zambia, mtafiti Mwingereza Audrey Richards alizikagua pembe 135. Ambazo watu wote walikubali kuwa ni za kudhuru zilikuwa 11 tu. Zilizobaki zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida. Aliyachapisha hayo mwaka 1935. Vijana wale waliahidi kwamba uchawi umekwisha. Miaka ya 1960, uhuru tumeshaupata, wasaka wachawi wengine, Kamchape, wakapita Ufipa, hapo juu ya bonde letu, na pembe zikachimbuliwa upya. Na leo bado mnaambiwa zipo. Kila zikichomwa hofu inaongezeka, kwa sababu mtoto aliyeushuhudia moto ule hukua akiamini kuwa kulikuwa na kitu cha kuchomwa.

Nguvu ya pembe tunaitoa sisi: mchango wetu, vigelegele vyetu, kule kujazana kwetu uani kwa mtu. Siku wapiga ramli chonganishi watakapochimba na asitokee hata mmoja wa kutazama, watakuwa wameshika pembe ya mbuzi aliyekwisha kuliwa.

Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtaja mtu kuwa mchawi mbele ya watu ni kosa. Basi wakija kudai mchango msitoe, hata shilingi. Mwambieni mwenyekiti wa kitongoji. Akinyamaza, nendeni polisi. Na wakimtaja bibi yeyote, usiku huo wawili wenu mkalale nyumbani kwake, mpaka kuche.