Uhuru Uliogeuzwa Kuwa Sheria

Mara nyingi tutajapo utumwa wa sheria katika kanisa, mawazo yetu humwendea mzee yule ashikaye sana mapokeo: atakaye kengele ipigwe kama ilivyopigwa zamani, na kijana asisimame kuomba mbele ya watu wazima. Hatukatai ya kuwa mtu wa namna hii yupo; kila msomaji anamjua mmoja. Lakini leo twapenda kuuliza neno lisiloulizwa sana. Je, yule aliyeyatupa mapokeo yote amekwisha kuwa huru? Maana yawezekana mtu atoke katika nyumba moja ya utumwa, aingie katika nyumba ya pili, asijue, kwa sababu kuta za hiyo ya pili zimepakwa chokaa mpya.

Neno hili lilionekana waziwazi katika mji wa Wittenberg, nchi ya Ujerumani, wakati wa baridi wa mwaka 1521 na 1522. Martin Luther hakuwapo mjini. Tangu Mei 1521 alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, ambako alilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Mwenzake Andreas Karlstadt, mwalimu wa chuo kikuu cha mji ule, alisimamia Chakula cha Bwana siku ya Krismasi 1521 bila mavazi ya kikasisi. Aliyanena maneno ya Bwana kwa Kijerumani, akawapa watu mkate na kikombe mikononi mwao. Kwa mamia ya miaka wasio makasisi walikuwa wamenyimwa kikombe. Basi wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Siku mbili baadaye wakaja watu watatu kutoka Zwickau, wakisema ya kuwa Roho husema nao pasipo kitabu. Hata Philipp Melanchthon, mtu wa elimu nyingi, hakujua awajibuje. Mnamo Januari 1522 baraza la mji likaamuru sanamu ziondolewe makanisani. Na wengine hawakungoja watu wa baraza, wakazivunja wenyewe.

Tuangalie vema jambo lililotukia hapa. Jana mtu aliambiwa, Usikiguse kikombe, ukikigusa umekosa. Leo aambiwa, Kishike kwa mkono wako, usipokishika wewe si mtu wa Injili. Maneno yamegeuka, lakini kamba ni ile ile. Yule mama mzee ambaye tangu utoto wake alifundishwa kutetemeka mbele ya meza ile, ambaye mkono wake haukuweza kunyoshwa kwa siku moja tu, ni nani aliyemhurumia? Nao walioweza kunyosha mkono wakaanza kujisifu, kana kwamba kuushika mkate kwa vidole ndiyo imani yenyewe.

Luther akarudi tarehe 6 Machi 1522. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 9, akapanda mimbarani amevaa kanzu yake ya utawa, akahubiri siku nane mfululizo. Wengi walidhani atawasifu, kwa kuwa mengi waliyoyafanya aliyafundisha yeye mwenyewe. Naye hakusema ya kuwa mambo yale ni mabaya. Alisema yamefanywa kwa haraka na pasipo upendo. Ya kuwa yako mambo ya lazima na yako mambo ya hiari, wala mtu asiyageuze ya hiari kuwa ya lazima. Neno na lihubiriwe, nalo litafanya kazi yake mioyoni. Mtu asivutwe kwa nywele. Kwa muda desturi nyingi za zamani zikarudishwa.

Miaka miwili baadaye jambo likapinduka, na hapa ndipo penye mafundisho zaidi. Ilikuwa desturi kasisi kuinua juu mkate na kikombe. Karlstadt, aliyekuwa amehamia Orlamünde, aliihesabu kuwa dhambi. Luther akaandika, katika kitabu chake juu ya manabii wa mbinguni kilichotoka mwishoni mwa 1524 na mwanzo wa 1525, ya kuwa alikuwa amekusudia kuiacha, lakini sasa hataiacha, kwa kuwa wengine wamekataza kitu ambacho Mungu hakukikataza. Desturi ile ilidumu Wittenberg hata mwaka 1542. Wengine watasema huo ni ukaidi tu wa Luther, ambaye hakuwa mtu mpole. Na huenda ukaidi ulikuwamo kidogo. Lakini Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo. Timotheo alimtahiri kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa mahali pale. Tito hakukubali atahiriwe, kwa kuwa watu walitaka kumlazimisha. Tendo ni moja. Pale lilikuwa upendo, hapa lingekuwa utumwa. Mtu apimaye kwa tendo peke yake hawezi kumwelewa Paulo hata kidogo.

Nasi katika nchi zetu tumeyaona haya. Uamsho ulioanza Gahini, katika Rwanda, miaka ya 1930, ulienea Uganda na Kenya, ukafika hata Bukoba kwenye sharika za Kilutheri. Watu walirudisha mali waliyoiba, maadui wakapatana, na wengi waliolijua kanisa kama desturi tu wakamjua Bwana. Tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mahali pengine kuungama mbele ya watu, kulikokuwa furaha ya moyo uliofunguliwa, kuligeuka kuwa kipimo: asiyeungama kwa maneno yale yale akahesabiwa kuwa hajaokoka, hata akiwa ameishi na mkewe kwa amani na kuwalisha yatima. Roho hakutoa amri ile. Ni sisi tulioiandika, tukatia jina lake chini.

Mtu atauliza, Basi kila mmoja afanye apendavyo, na Jumapili iwe ghasia? Sivyo. Luther mwenyewe alitoa utaratibu wa ibada kwa Kijerumani mwaka 1526, na katika maneno ya kwanza kabisa aliwasihi wasomaji wasiufanye kuwa sheria, bali wautumie kwa uhuru wa Kikristo, pale na wakati ule unapofaa. Utaratibu ni kama kijiti cha mwanafunzi anayejifunza kusoma: humwonyesha mstari, lakini si mstari wenyewe.

Nasi tunavyo vitabu vya ibada, nasi twavitumia kila Jumapili. Mwinjilisti akiwa na mgeni kanisani asiyejua asimame lini na aketi lini, nao walioketi nyuma yake wameanza kunong'onezana, tungependa kujua ni wapi atakapotazama kwanza: kwenye kitabu, au kwa wale wanaonong'ona, au kwa yule mgeni.