Sikio na Hukumu

Methali husema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kusikia katika methali hii ni kutii. Na kwa kuwa neno moja hubeba maana mbili, asiyesikia hudhaniwa kwa urahisi kuwa asiyetii. Katika malisho ya Tarime na Serengeti mtoto huitwa kwa sauti itokayo mbali. Asipogeuka huambiwa mkaidi, akachapwa. Pengine sikio lake limeharibiwa na usaha, au na homa ya uti wa mgongo. Wala fimbo haiponyi usaha.

Sikio lina kazi ya pili. Ndani yake mna mirija mitatu yenye majimaji, ambayo huujulisha ubongo kila kichwa kigeukapo. Mirija hiyo ikiugua, mzee asiyeonja pombe hupepesuka njiani, na watazamaji humcheka kuwa mlevi.

Je, ni haki mtu kuhukumiwa kwa udhaifu wa kiungo chake? Haki hutaka kipimo kitangulie lawama. Lakini kipimo cha usikivu huhitaji mahali pa kimya, mashine na mtaalamu. Na kwa mkazi wa Mugumu, au mchimba dhahabu wa Nyamongo aliyezoea kelele za mashine na baruti, safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, ni ndefu na ya gharama. Maskini hukosa kipimo, lakini hakosi hukumu. Jamii iliyo nyepesi kulaumu na nzito kupima ina deni kwa mtoto yule wa malishoni. Hakulikataa neno la mkuu, halikumfikia.