Jina Juu ya Jalada: Malakisi, Kidagaa Kimemwozea na Haki ya Kujieleza

Tarehe 10 Februari 1948, polisi wa serikali ya kikoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi, magharibi mwa Kenya, wakawaua watu 11. Kiongozi wao, Elijah Masinde, alikuwa amewahi kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Baada ya tukio hilo alipelekwa uhamishoni Lamu. Dola haikujishughulisha kuzijibu hoja zake juu ya ardhi na ibada. Ilitosha kudai kwamba msemaji ni mwendawazimu. Waliouawa hawakuacha maandishi, na kwa muda mrefu msomaji wa habari za Malakisi alitegemea kumbukumbu za upande uliofyatua risasi.

Aghalabu wahakiki huzitenga dhima mbili za utunzi, yaani kuieleza nafsi ya mtunzi na kuibadili jamii, kisha wakaipa uzito ile ya pili. Nafsi huonekana kuwa anasa ya watu wenye wasaa. Lakini je, ujumbe ukiwa mwema, kuna ubaya gani ukitolewa kwa jina la mwingine?

Swali hili limo ndani ya Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya Ken Walibora, mwandishi aliyezaliwa katika eneo hilohilo la Bungoma. Amani, kijana mchungaji wa ng'ombe, ameandika riwaya. Mwalimu Majisifu anauiba mswada, anauchapisha kwa jina lake na kujipatia sifa. Anayeyapima mambo kwa manufaa ya jamii pekee atatatizika hapa: kitabu kimechapishwa, kinasomwa, na hakuna neno lililopotea ila jina. Isitoshe, Amani maskini pengine asingepata mchapishaji kamwe.

Hoja hiyo haisimami, na Walibora anaionyesha kasoro yake kwa kuuweka wizi wa mswada ubavuni mwa wizi mwingine. Mtemi Nasaba Bora, nduguye Majisifu, amepora ardhi kwa hati za kughushi. Ndugu mmoja anabadili jina kwenye hatimiliki, wa pili kwenye jalada. Shamba lililoporwa huendelea kuzaa mahindi, na walaji hushiba. Hakuna anayesema kwamba kwa hiyo uporaji ni halali. Tena maneno yana jambo ambalo mahindi hayana. Mnyonge akiandika juu ya dhuluma, maandishi yake ni mashtaka, na yupo anayemdai mshtakiwa. Yakihamishiwa kwa nduguye mtawala, maneno yaleyale yanageuka kuwa ufundi wa kupigiwa makofi. Mdai ametoweka. Kwa hiyo nafsi ya msemaji ni sehemu ya maana ya usemi wenyewe, na mageuzi yanayoifuta yanapoteza makali yake.

Yamkini mtetezi wa fasihi simulizi atapinga kwamba nyimbo na ngano hazina mwenyewe, na hazikosi nguvu kwa sababu hiyo. Ni kweli kwa ngano. Lakini katika kumuse, hotuba ya wafiwa miongoni mwa Wabukusu, msemaji hutoka katika koo maalumu, hutembea huku na huko mbele ya umati ulioketi, na huonya watu huku uso wake ukionekana. Maneno yamerithiwa, ilhali dhamana ni yake yeye aliyesimama.

Linabaki tatizo gumu zaidi, ambalo riwaya hailimalizi. Wafu wa Malakisi hawawezi kuandika. Atakayewatungia riwaya au tamthilia leo, pengine kwa Kiswahili ambacho hakikuwa lugha ya nyumbani kwao, ataandika kwa jina lake mwenyewe maneno ambayo wao hawakuwahi kuyatia wino. Tofauti yake na Majisifu ni kwamba Majisifu alimficha mwenye maneno, naye anaweza kumtaja, akaonyesha bayana wapi ushahidi unakoma na wapi ubunifu wake unaanza. Akiuficha mpaka huo, wafu watakuwa wamesemewa kwa mara nyingine, safari hii na mtu anayewapenda.