Jembe na Kisu

Wahenga walituachia neno: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii husemwa kumkumbusha mgeni asikae bure. Lakini unao upande wa pili, usiosemwa sana. Anayeambiwa atoe jembe ni mwenyeji. Naye akishalitoa, amekubali kwamba mtu huyu atakula hapa, atazaa hapa, na huenda akazikwa hapa. Je, baada ya jembe, mwenyeji anadaiwa nini tena?

Swali hili si geni kwetu Nachingwea na Ruangwa. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ukafa mwaka 1951, ulileta Nachingwea vibarua wa makabila mengi. Waliobaki waliishi pamoja na Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, Waislamu kwa Wakristo. Katika ukoo mmoja utamkuta Hamisi na Yohana. Na penye arusi au matanga, hata nyumbani kwa Mkristo, desturi iliyozoeleka ni kumpa Mwislamu kisu achinje, ili wote wale chungu kimoja. Ni adabu tu, na msingi wake ni huu: yule ambaye jambo halimgharimu sana, ampishe yule ambaye linamgharimu. Mkristo akila nyama iliyochinjwa na Mwislamu, kwa kawaida dhamiri haimsuti. Waislamu wengi wa huku, wasipokuwa na hakika ya mchinjaji, huinuka bila kula.

Nchi nyingine nazo zimekutana na kisu hicho. Mwaka 1964 Ubelgiji ilifanya mikataba na Moroko na Uturuki ili ipate wafanyakazi, hasa wa migodi ya makaa ya mawe. Watu wale hawakujipenyeza. Waliitwa, wakapewa jembe. Wakachimba, wakaleta wake zao, wakazaa. Mwaka 2019 majimbo mawili ya nchi hiyo, Flanders na Wallonia, yakakataza kuchinja mnyama bila kwanza kumpoteza fahamu. Waislamu wengi wakaona wamenyang'anywa kisu, na Wayahudi pia, ambao hakuna awezaye kuwaita wageni wa juzi Ulaya. Wakashtaki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2024, ziliamua kwamba katazo hilo halivunji uhuru wa dini.

Tusikimbilie kusema kwamba ni chuki tu. Kumhurumia mnyama ni jambo jema, na mafundisho ya Kiislamu yenyewe yanaagiza kisu kinolewe ili mnyama asiteseke. Tena sheria ziliacha mlango: mnyama apotezwe fahamu kwa njia isiyomwua. Wako Waislamu wanaoikubali njia hiyo, na wako wanaoikataa. Hata hivyo, kanuni za Ulaya za uchinjaji haziwagusi wawindaji. Mwenyeji anayemtaka jirani aache ibada yake kwa ajili ya mnyama, huku bunduki yake ya kuwindia imening'inia ukutani, asishangae akiulizwa huruma yake inaanzia wapi.

Wala sisi tusijivune. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje ulimwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Adabu ileile iliyowalisha watu chungu kimoja iligeuka kuwa sababu ya kuua. Kwa maoni yangu, mambo huharibika pale upande mmoja unapokiona kisu kuwa mali yake, na upande wa pili unapoona kupisha ni kudharauliwa. Adabu ikidaiwa kama kodi, hulipwa kwa kinyongo.

Basi narudi kwenye swali. Baada ya jembe, mwenyeji anadaiwa nafasi barazani. Simaanishi kwamba kila analotaka mgeni apewe. Maisha ya mtu, masomo ya mtoto wa kike na sheria inayomlinda mnyonge havipishi desturi ya mtu yeyote, awe mgeni au mwenyeji. Lakini yanapojadiliwa mambo ya chungu chake, awepo, asikilizwe, na mwenyeji aseme naye atajinyima nini. Mgeni naye anadaiwa kupambanua lililo faradhi na lililo mazoea, maana si kila tulilorithi liliagizwa na Mungu.

Na neno "mgeni" lenyewe lina mwisho. Mtoto aliyezaliwa Antwerp, ambaye babu yake aliitwa kutoka Moroko kwenda kuchimba makaa, hawezi kuwa mgeni wa siku ya tatu mpaka anazeeka. Mahakama inaweza kuamua kisu kishikwe vipi. Lakini kama mtoto huyo atahesabiwa kuwa wa nyumba ile, hilo litaamuliwa na majirani zake, siku atakapofiwa, au siku atakapooa, kwa kufika kwao au kutofika.