Kosa Pasipo Noti

Anayepiga muziki kwa kusoma noti akikosea, kosa lake hujulikana mara moja: karatasi inasema hivi, kidole kimekwenda kwingine. Katika jazi sehemu kubwa ya muziki hubuniwa papo hapo, na karatasi ya kumsuta mpigaji haipo. Je, hapo pana kosa? Naamini lipo, ila tunalitafuta mahali pasipo pake. Tunaikagua sauti iliyotoka, ilhali la kukagua ni namna mwanamuziki alivyoijibu.

Februari 1960, jukwaani Berlin, mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald alisahau maneno ya wimbo "Mack the Knife". Hakunyamaza. Aliuliza kwa kuimba ubeti unaofuata ni upi, akatunga maneno yake, akaigiza mkwaruzo wa sauti ya Louis Armstrong, na mapigo hayakukatika. Rekodi hiyo ilimpa tuzo ya Grammy, na sioni msikilizaji ambaye angetamani asisahau.

Atatokea wa kuuliza: kama kila kuteleza huokolewa na kinachofuata, neno kosa limebaki na maana gani? Swali ni zito, na jibu lake limo katika wimbo wa jazi "Giant Steps", uliorekodiwa Mei 1959. Msingi wa sauti hubadilika karibu kila mapigo mawili, tena kwa kasi kubwa. John Coltrane anapita na saksafoni yake kama maji. Zamu ikimfikia Tommy Flanagan kwenye piano, vifungu vinakatika, kimya kinaingia pasipotakiwa, mwishowe anaacha kusuka mstari na kushikilia sauti za msingi tu, hadi Coltrane anaporudi. Sauti zake nyingi ni sahihi. Kilichokosekana ni nafasi ya kujisikiliza na kujijibu.

Lakini Coltrane alikuwa amekwisha kuujaribu wimbo huo studio wiki chache kabla, na wenzake wengine, na vifungu vilevile vinasikika humo. Je, basi alikuwa anabuni kweli? Naam. Hata mshairi wa malumbano huja na vina kifuani. Mazoea ndiyo yanayomwachia sikio la kumsikiliza mwenzake. Flanagan hakuwa na mazoea hayo. Kwa hiyo sisi wahakiki tumemwonea kila tulipokihesabu kigugumizi kile kuwa upungufu wa kipaji, bila kumuuliza aliyeipanga kasi ile. Mwaka 1982, Coltrane akiwa marehemu kwa karibu miaka 15, Flanagan aliurudia wimbo huohuo katika albamu ya kumkumbuka, na safari hii mistari yake inatiririka mpaka mwisho.