Mjueni Bibi Yenu kwa Miaka Yake

Wanangu na wajukuu zangu,

Tangu tumzike mama nimesoma mengi mliyoandika juu yake katika kundi la ukoo. Mmemwita mcha Mungu, mpole, mtu wa watu. Nawashukuru kwa kumpenda. Lakini maneno hayo yanaweza kusemwa juu ya bibi yeyote wa Lindi hii, na watoto wenu ambao hawakumwona hawatampata humo. Ninachowausia ni kwamba mjue aliishi miaka gani na katika miaka hiyo alifanya nini.

Anzeni na umri. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1945. Tarehe hiyo ilikadiriwa, kama walivyokadiriwa wazee wengi waliozaliwa nyumbani bila cheti. Yeye alihesabu kwa njia nyingine. Alisema kimbunga kilimkuta ndani, mwali aliyekwisha vunja ungo, na paa la nyumba ya somo yake likaezuliwa. Kimbunga cha Lindi kilipiga Aprili 1952. Mtoto wa miaka saba havunji ungo. Mpeni miaka 14 au 15 wakati huo, mtaona kuwa alizaliwa karibu na 1937, na kwamba ametuacha akikaribia miaka 90. Habari nyingine inakubaliana na hiyo: alikumbuka vizuri, akiwa tayari msichana wa kutumwa dukani, baba yake alivyokwenda kufanya kibarua Nachingwea kwenye mashamba ya karanga. Mradi ule Waingereza waliuanza 1947, wakauacha 1951 wakiwa wamepoteza pauni milioni 36 hivi. Babu yangu huyo alirudi na blanketi moja na kikohozi.

Sasa kazi yake. Hapa nataka mtulie, maana ndipo maisha yake yalipo.

Bibi yenu alitulea kwa korosho. Mikorosho ilikuwa yake mwenyewe, ameipanda kwa mikono yake baada ya kuachwa na mume wa kwanza. Operesheni Vijiji ilipotuhamisha miaka ya sabini, mikorosho ilibaki kule nyuma, mwendo wa asubuhi nzima. Majirani wengi waliacha mashamba yakaota msitu, na siwalaumu, kwa kuwa bei ilikuwa ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga ukaja kumalizia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Mkisoma tarakimu hizo shuleni, kumbukeni kwamba katika kiasi kidogo kilichobaki zilikuwamo na korosho zake. Alitoka alfajiri na jembe begani akaenda kupalilia, akarudi jua limezama.

Zile zisizouzwa alizibangua nyumbani. Alizikaanga kwenye kipande cha debe mpaka ziwake moto, akazizima kwa mchanga, kisha akagonga moja moja kwa jiwe. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo alijipaka majivu viganjani kwanza. Mliona mikono yake ilivyokuwa na madoa meusi yasiyotoka, mkadhani ni uzee. Madoa yale ndiyo ada zetu za shule na sare zetu.

Kusoma alijifunza akiwa mama wa watoto. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila mahali. Alikwenda jioni akiwa na mtoto mgongoni. Elimu ile aliitumia, tena sana, kwa sababu ndiyo iliyomfanya kijumbe wa upatu kwa miaka mingi kuliko mwanamke mwingine yeyote mtaani. Daftari zake zimo sandukuni, chini ya kanga. Zifungueni. Mtaona nani alitoa, nani alipokea zamu yake mtoto alipougua, nani alisamehewa.

Mtaona vilevile kwamba mwanawe mmoja alichelewa kutoa, akamrudisha mwisho wa foleni kama mtu baki. Dini inatuusia kutaja mema ya maiti wetu, nami silivunji agizo hilo ninaposema mama alikuwa mkali. Ukali wake ulikuwa katika mema yake. Wanawake wale walimkabidhi fedha kwa sababu walijua hapendelei hata damu yake. Mkimfanya mpole tu mtakuwa mmemdhulumu, na binti zenu watakosa mfano wanaouhitaji, wa mwanamke aliyeachwa, akapanda miti yake, akashika hesabu ya watu wengine, na haikupungua.

Mwandishi marehemu Shaaban Robert alijua kwamba mtu hujulikana kwa maisha yake. Alimwendea mwimbaji Siti binti Saad angali hai, akayasikia maisha yake kutoka kwake mwenyewe, na baada ya Siti kufariki 1950 tukabaki na wasifu wake. Binti yule wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu tunamjua leo kwa sababu mtu alikaa naye akauliza. Bibi yenu hakuimba wala hakusafiri Bombay. Anastahili habari zake ziulizwe vilevile, na mimi nililobahatika kulisikia nimewaandikia hapa.

Lakini sikusikia yote, na mdogo wake mama yupo Mikindani. Macho yamefifia, kumbukumbu ni nzima, na katika rika lake hakuna mwingine aliyebaki. Yeye ndiye anayejua mambo ya utoto wao ambayo mama hakunisimulia: mama yao alitoka wapi, nani alifariki mdogo, kwa nini walihama Mingoyo. Nendeni wawili wawili, msimchoshe. Chukueni daftari na kalamu, mwandike anavyosema yeye bila kumnyoosha maneno. Nendeni kabla ya msimu wa korosho, maana ukianza hamtapata nafasi tena mpaka mwakani.