Nani Mwenye Kosa: Kikomo au Anayekifikia?

Kijana mmoja aliyewahi kusoma kwangu somo la dini, na ambaye sasa anabeba abiria pale stendi ya Bweri, Musoma, alinijia na swali ambalo mwanzoni nililiona ni la mafundi tu. “Ustaadh,” akasema, “nataka kukiondoa kile kifaa kwenye pikipiki. Kilitaka kutuua. Kuna ubaya gani?” Sikucheka, kwa sababu katika huko “kutuua” na mimi nilikuwemo.

Kazi yake anaifanya kwa pikipiki ndogo kama wenzake. Lakini anayo nyingine, kubwa, iliyotumika, ile aina ya kukalia kwa kujiegemeza, mikono juu, miguu mbele, kama mtu aliyekaa barazani. Siku ile alinipakia kwa hiyo kutoka Kiabakari, tukiwahi maziko mjini Musoma. Tulikuwa tumechelewa. Tulipoipita Makutano tukakwama nyuma ya lori. Akarudisha gia hadi ya pili, akasubiri, akaona upenyo, akafungua mafuta yote. Tulipofika ubavuni mwa lori, injini ikaanza kukata moto. Haikuzima. Ilishika na kuachia, ikashika na kuachia, kama ng'ombe anayevutwa kamba. Mbele yetu basi linakuja, taa zimewashwa. Akafunga mafuta, akashika breki, tukarudi nyuma ya lori, basi likapita na honi yake. Maziko tuliyawahi, lakini nilisimama pale kaburini magoti yakitetemeka, na wenzangu nadhani walidhani ni majonzi.

Sasa, kifaa anachokilalamikia ni nini? Ni kidhibiti cha mzunguko wa injini, na mara nyingi kimo ndani ya kile kiboksi kinachopeleka cheche kwenye plagi. Injini ikizunguka kupita kiasi alichokiweka mtengenezaji, cheche hukatwa kwa muda mfupi mpaka mzunguko ushuke. Pikipiki za mashindano hupita mizunguko 14,000 kwa dakika. Hizi kubwa za kujiegemeza, kama zile za Harley-Davidson, nyingi hukomea kati ya 5,000 na 6,000. Wala si kwa udhaifu. Pistoni zake ni nzito na safari yake ndani ya silinda ni ndefu. Kila mzunguko mmoja pistoni husimama mara mbili, juu na chini, kisha hugeuka. Kwa mizunguko 5,500 hiyo ni mara 11,000 kwa dakika moja, chuma kizito kikisimamishwa na kurudishwa kilikotoka. Ukizidisha, springi za valvu hushindwa kuzifunga kwa wakati, pistoni inaweza kuigonga valvu, na injini imekwisha. Nguvu ya pikipiki hizi iko chini, kwenye mizunguko michache. Ziliumbwa kwa mtu asiye na haraka.

Hata hivyo hoja ya kijana si ya kupuuzwa. Anasema: kitu kinachokunyang'anya nguvu saa ile unayoihitaji kuliko zote, hicho ni adui, hata kama kiliwekwa kwa nia njema. Hivi si ndivyo tunavyosema wengi wetu kuhusu kila mpaka tunaowekewa? Kwamba aliyeuweka hakuwepo barabarani, hakuliona basi? Nikamjibu kuwa kifaa hakikumnyima nguvu. Alikuwa kwenye gia ya pili, na juu yake zilibaki gia tatu ambazo hakuzigusa. Kikomo hakikumwambia asiende. Kilimwambia gia hii imekwisha. Nilidhani nimemaliza.

Akaniangalia, akasema kwa adabu, “Lakini Ustaadh, ni wewe uliyeniambia kaza mwendo.”

Ni kweli. Nilisema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa kumgonga begani. Basi tuseme nini juu ya abiria? Pikipiki imewekewa kikomo, dereva ana leseni na sheria, lakini anayekaa nyuma na kuhimiza hana kifaa chochote cha kumkata moto. Tunawalaumu sana vijana wa bodaboda, na wapo wanaostahili kulaumiwa, hasa wanaopiga resi kwenye misafara ya harusi mpaka injini ipasuke kwa milio, wakikigonga kikomo kwa makusudi kama ngoma. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kumwambia dereva aende polepole tukiwa tumechelewa?

Wakenya walilijaribu jambo hili kwa nguvu ya dola. Mwaka 2004, chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki, matatu zote zilitakiwa kufungwa vidhibiti visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Nidhamu ilionekana barabarani. Kisha vikaanza kuchezewa, na katika kuchezewa huko abiria wanaotaka kuwahi hawakuwa watu wa kulalamika sana. Dereva aliyezuiwa na chuma alikuwa amezuiwa kweli, lakini moyoni bado alikuwa na ile haraka yake.

Na chuma chenyewe kina udhaifu ambao fundi yeyote pale Bweri atakueleza. Kinazuia mkono unaofungua mafuta tu. Ukiwa kwenye mwendo mkali ukarudisha gia kwa pupa hadi ya chini, gurudumu la nyuma ndilo linaloizungusha injini, na hapo hata cheche zote zikatwe, injini itapita kikomo na kuvunjika. Zaidi ya hayo, nyingi ya pikipiki hizi zina saa ya mwendo lakini hazina saa ya mizunguko. Anayeziendesha hana pa kuangalia. Anapaswa kusikiliza kwa sikio na kuhisi kwa unyayo, na abadilishe gia kabla hajaambiwa.

Upo mfano mashuhuri wa Mtume (s.a.w) kuhusu mchungaji anayelisha wanyama wake kando kabisa ya eneo lililohifadhiwa. Wafugaji wa Bunda, wanaopakana na hifadhi ya Serengeti, hawahitaji kufafanuliwa. Wanajua kwamba ng'ombe hasomi bango la mpaka, na kwamba usalama wa mfugaji uko katika ule umbali anaouacha mwenyewe kabla ya bango. Mimi siku ile sikuacha umbali wowote. Nilichelewa kutoka nyumbani kwa mazungumzo yasiyo na maana, kisha nikataka injini ya mtu mwingine inilipie deni hilo.

Nilimwambia kijana hayo pia, kwa sababu ilikuwa haki yake kuyasikia. Kuhusu kile kifaa hajaamua. Fundi amemwambia anacho kiboksi kingine kisichokata moto, na ampelekee pikipiki Jumamosi.